Panga la Fisi Lililoshinda

Hii ni habari ya enzi ambazo wanyama walikuwa na nyua zao, wakizifagia asubuhi na kusengenyana ndani yake jioni.

Mwaka huo, katika bonde la Kinyasi, mvua iliwapita kwa mbali. Waliisikia ikinguruma upande wa pili wa vilima, wakatoa nje vyungu na madebe, wakangoja. Haikuja. Majani yalikauka yakawa yanavunjika mtu akiyakanyaga. Kisha ikafuata miti midogo ya uani, mipera, mijohoro na mistafeli, ikakauka ikiwa imesimama vile vile, kama wageni wasiojua kwamba shughuli imekwisha. Huko vilimani moshi ulianza kuonekana, leo hapa, kesho pale.

Simba akashuka chemchemini, manyoya ya shingo yamechanwa vizuri, akasimama juu ya jiwe ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulikanyaga.

"Moto ukiingia bondeni utapita kwenye miti mikavu," akasema. "Kila mwenye ua aondoe miti yote iliyokufa, pamoja na visiki vyake, kabla mwezi mpya haujaandama. Nitakayemkuta na mti mkavu uani, hataonja tone la maji haya."

Wote waliinamisha vichwa. Hakuna aliyeuliza habari za ua wa Simba mwenyewe, ambao ulikuwa na miti mikavu mingi kuliko nyua zote. Amri ni ya wenye kuamriwa.

Sungura alirudi nyumbani mbio. Miaka yote alisifiwa kwa ua wake wenye kivuli, kwa sababu alipanda kila mbegu aliyopewa na hakuwahi kupunguza hata tawi. Sasa ua ule ulikuwa umesimama wima kama mgongo wa nungunungu aliyekasirika. Na zana hakuwa nayo. Hakuwa na shoka wala jembe wala kisu cha kumenyea. Wala kuazima hakukuwezekana tena, maana kila kitu alichoazima Sungura, mwenye kitu ndiye aliyekuja kukifuata, na mara nyingi alikikuta hakina mpini.

Alikaa mlangoni akauangalia ua wake. Akajipima mikono. Akaona kwamba kazi ile, kama itafanywa na mikono hii, itamwua. Na kama haitafanywa, kiu itamwua. Basi akaanza kutafuta mikono mingine.

Asubuhi akaenda chemchemini, akawakuta majirani wanagombana.

"Mti mkavu dawa yake ni msumeno," alikuwa anasema Ngiri, mtu wa maneno machache na shingo nene. "Unauweka, unavuta taratibu, mti unalala. Hutoki jasho la bure."

"Na mti ukiubana msumeno wako katikati, utafanyaje?" akauliza Nungunungu. "Utakaa hapo unaulilia? Shoka halibanwi, Mzee Ngiri. Unautia mti pengo upande unaotaka uangukie, unazunguka nyuma, unamaliza."

"Haya, mti umelala," akasema Bi Kanga. "Na kisiki mnamwachia nani? Simba kasema na visiki. Marehemu mume wangu aliniachia sururu. Ncha yake inaingia kwenye mizizi, bapa lake linaikata. Nyinyi wanaume mnapenda tu kuona kitu kikianguka."

Fisi naye alikuwapo, ana kipande cha ngozi mdomoni. "Panga," akasema bila kukitema. "Panga linakata kila kitu. Juzi limenikatia mfupa wa paja."

Wote walilijua panga lile. Lilikuwa na mapengo kama meno ya kizee, mpini wake umefungwa kwa mpira, na ule mfupa Fisi aliuvunja kwa taya.

Sungura akakohoa.

"Majirani zangu," akasema kwa sauti ya huruma, "mnagombana kwa sababu hamjapima. Leteni zana zenu kwangu, kila mtu ajaribu yake mbele ya wote. Miti ninayo ya kutosha, nashukuru Mungu. Na mimi nitaamua."

"Kwa nini uamue wewe?" akauliza Nungunungu.

"Mimi sina zana hata moja. Kwa hiyo sina upande."

Wakatazamana. Lilikuwa neno zito, na hakuna aliyeweza kulipinga.

"Jambo moja tu," Sungura akaendelea. "Zana itakayoshinda tutamtangazia Simba, ajue bonde lake linafanya kazi kwa akili. Zile zitakazoshindwa zibaki kwangu, nizihifadhi. Zana mbovu mikononi mwa watu wema ni hatari."

Ngiri alifikiri juu ya shoka la Nungunungu, jinsi litakavyokaa kwa Sungura, akakubali. Nungunungu akaufikiria msumeno wa Ngiri, naye akakubali. Bi Kanga aliwafikiria wote wawili, akasema hana neno. Fisi alikubali kwa kuwa palipo na mashindano huwa pana chakula.

Kesho yake Sungura alitoa kigoda, akakiweka kivulini mwa ukuta, akakaa.

Ngiri alianza. Alipiga magoti kwenye mpera mkavu, akauweka msumeno chini kabisa karibu na udongo, akavuta. Vumbi la mbao likatoka jeupe na laini kama unga wa sembe. Kabla Sungura hajatulia vizuri kwenye kigoda, mpera ulikuwa umelala.

"Si mbaya," akasema Sungura. "Lakini mpera ule ulikuwa mgonjwa hata kabla ya ukame. Jaribu ule mnene. Na ule wa pembeni yake, tuone kama msumeno haubahatishi."

Ngiri alikata ule mnene na ule wa pembeni.

Nungunungu akafuata. Shoka lake lilikuwa linang'aa makali. Alikata mjohoro kwa mapigo yasiyo na haraka, la juu, la chini, kipande kikaruka, la juu, la chini, kipande kikaruka. Ulipoanza kulia alirudi nyuma hatua, nao ukaanguka pale pale alipokuwa ameonyesha kwa kidole.

"Nimeona," akasema Sungura. "Ila huo ulikuwa umeinama. Mti ulioinama unaanguka hata kwa kukemewa. Kata uliosimama wima."

Bi Kanga alipanda juu ya kisiki cha kwanza na sururu iliyomzidi kimo. Alichimba pembeni, akaifunua mizizi, akaikata mmoja mmoja, kisha akaingiza ncha chini ya kisiki na kuning'inia kwenye mpini kwa uzito wake wote. Kisiki kiling'oka na donge la udongo.

"Bi Kanga," Sungura akasema, "kisiki kimoja hakisemi kitu. Endelea mama, bado nakuangalia."

Mchana ulipopamba moto likatokea jambo ambalo Sungura hakulitazamia. Mjohoro mmoja ulimbana Ngiri msumeno. Nungunungu, badala ya kucheka, alikuja akapiga shoka upande wa pili, mti ukafunguka, msumeno ukatoka. Toka hapo wakawa wanakwenda pamoja bila kuambiana. Nungunungu anatia pengo, Ngiri anakuja nyuma na msumeno, Bi Kanga yuko chini tayari na mizizi. Miti ikawa inaondoka kama mboga inavyochumwa.

"Msisaidiane!" Sungura akapiga kelele. "Haya ni mashindano!"

Kisha akaona jinsi kazi inavyokwenda mbio, akarudi kukaa, akawaacha waendelee.

Mwisho alikuja Fisi. Aliuzungukia mstafeli mwembamba kuliko yote, akalinyanyua panga juu, akapiga. Panga liliruka likarudi, nusura limpate mguu. Akapiga tena, mpini ukachomoka. Akaufunga, akapiga, ukachomoka, ukaenda kuangukia kwa jirani. Aliporudi nao alikuwa amekwishakasirika, akaukamata mstafeli kwa meno na kuutikisa. Kijitawi kimoja kilianguka. Fisi akakila, na mstafeli ukamalizwa na msumeno wa Ngiri.

Jua likawa linaelekea kuzama, na ua wa Sungura ulikuwa mweupe. Hapakuwa na mti wala kisiki; hata kuni zilikuwa zimepangwa ukutani, maana Ngiri hakupenda uchafu. Wote watatu walikuwa wamekaa chini wanahema. Sungura alisimama. Alikwishaona tangu asubuhi ni zana zipi zenye faida, na kwa sababu hiyo hiyo alijua ni zipi lazima zishindwe.

"Msumeno," akasema, "una dosari moja kubwa. Unakwenda mbele, halafu unarudi nyuma. Nusu ya safari yake yote ni kurudi. Umeshindwa."

Ngiri alifungua mdomo.

"Shoka lina kelele na linatupa vipande ovyo. Chombo kisichojizuia si cha kukaa na majirani. Limeshindwa. Sururu inachimba chini, na mti, kama sote tunavyoona, uko juu. Imeshindwa. Panga la Bwana Fisi limefanya kazi kwa utulivu. Halikumwumiza mtu. Hata mti wenyewe halikuuonea. Panga limeshinda!"

Fisi alikuwa wa mwisho kuelewa, lakini alipoelewa alianza kucheka, na kicheko chake mnakijua.

"Sungura," Bi Kanga akasema, "macho yako yanaona?"

"Mlikubali niamue, dada yangu. Au mlikubali niamue mkipenda?"

Walikuwa wamekubali. Ndilo lililowauma. Waliziacha zana zao ukutani, karibu na kuni ambazo wamezikata wenyewe, wakaenda zao mikono mitupu.

Zikafuata siku tamu katika maisha ya Sungura. Ngiri alikuja asubuhi, akasimama nje ya mlango, anatazama chini.

"Ua wangu bado una miti," akasema. "Nilikuwa naomba msumeno wangu."

"Msumeno ulioshindwa?" Sungura akashangaa. "Kaka Ngiri, nitakuachaje uukate mti kwa kitu kibovu? Lakini kwa kuwa ni wewe, utautumia mpaka jioni. Niletee tu kapu la viazi, la kunituliza moyo."

Ngiri alileta viazi. Nungunungu alileta karanga ili aazimwe shoka alilolinoa kwa mikono yake. Bi Kanga hakuwa na cha kuleta, kwa hiyo alichimba kwa kucha. Sungura alipopita aliona alivyokuwa ameinama, miguu ina damu, mti hata haujatikisika, na mayai yake yako ndani ya kibanda cha nyasi kavu hatua chache tu kutoka hapo. Moyo wake ulimchoma kidogo. Akaharakisha mwendo, na moyo ukaacha kumchoma.

Ni Fisi aliyeharibu mambo, na wala hakukusudia. Alikuwa amengoja zawadi ya ushindi, haikuja. Tumbo likamshauri. Akalichukua panga akapanda kwa Simba.

"Bwana wangu," akasema huku anachungulia jikoni, "nimekuja unitambue. Bonde zima limepima zana za kuondolea miti. Panga langu limezishinda zote."

"Nani kaamua?"

"Sungura, Bwana. Mtaalamu."

Simba alilitazama panga, akautazama ua wake, ile miti mikavu ambayo kwa siku kadhaa alikuwa anajiuliza ataiondoaje bila ya kuonekana anatii amri.

"Vyema," akasema. "Panga lililoshinda ndilo linalostahili ua wangu. Anza na ule pale."

Fisi alitoka jasho. Zawadi ilikuwa inageuka kuwa kazi mbele ya macho yake.

"Bwana wangu, mimi ni mwenye panga tu," akasema upesi. "Kulijua nalijua kidogo. Anayezijua siri zake ni yule aliyeuona ubora wake. Kwa mkono wa mtaalamu litafanya maajabu. Wa kwangu utalivunjia heshima."

Ni mara chache sana Fisi husema jambo la akili. Siku hiyo alilisema kwa hofu.

Simba mwenyewe akashuka. Sungura alikuwa uani anakula viazi vya Ngiri, nao Ngiri, Nungunungu na Bi Kanga wako mlangoni wanangoja kuzungumza naye habari ya kuazima tena. Alipomwona Simba alisimama haraka.

"Wewe ndiye mtaalamu wa zana?" Simba akauliza.

Sungura alijaribu kusoma uso ule, akaona kiburi tu, na kiburi hakijawahi kumtisha. "Watu husema hivyo, Bwana wangu."

"Na hivi hapa ukutani ni nini?"

"Takataka, Bwana wangu. Zana zilizoshindwa."

"Takataka zinafanya nini katika ua wa mtaalamu?"

Sungura angesema zina faida, hukumu yake ingekuwa ya uongo.

"Wenyewe wazichukue, waondoke na taka zao," Simba akaamuru. "Na wewe chukua panga. Utasafisha ua wangu. Utakunywa maji yangu mti wa kwanza utakapoanguka."

Ngiri alichukua msumeno wake. Nungunungu alilipangusa shoka kwenye paja. Bi Kanga aliikumbatia sururu kama mtu aliyerudi kutoka safari.

"Bwana wangu," Sungura akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda, "ingefaa niende na msumeno pia. Kwa kulinganisha tu."

"Ua wa mfalme ukatwe na kitu kilichoshindwa?" Simba akauliza, na manyoya ya shingo yakasimama.

Basi Sungura alisimama mbele ya mjohoro wa kwanza wa Simba, na panga la Fisi mkononi. Alipiga. Lilirudi na kumtia ganzi mpaka begani. Alipiga tena. Kwenye gome palitokea alama ndogo, kama mtu amekwaruza kwa ukucha. Kufika jua la mchana mikono yake yote ina malengelenge, koo limekauka, na mti umesimama vile vile. Simba alikuwa amelala barazani, jicho moja wazi.

"Unapiga taratibu," akasema. "Nasikia ndiyo sifa yake."

Chini bondeni sauti za kazi zilikuwa zinapanda. Watatu wale walikuwa wameungana, leo kwa Bi Kanga, kesho kwa Ngiri, kesho kutwa kwa Nungunungu, pengo, msumeno, mizizi, na kila mti ulipoanguka Sungura aliusikia ndani ya mifupa. Kabla mwezi haujaandama nyua zao zote zilikuwa nyeupe. Moto ulipofika ukingoni mwa bonde ulilamba nyasi kidogo, ukakosa cha kupandia, ukafa. Mayai ya Bi Kanga hayakupata hata joto lake.

Jioni moja walipanda kumletea Simba habari hiyo. Sungura alipowaona alishindwa kujizuia. Alitupa panga chini, akasimama katikati ya ua.

"Sikilizeni! Nilidanganya!" akasema kwa midomo iliyopasuka. "Panga ni la vijitawi na vichaka, nalo likiwa limenolewa. Mti wa unene wa paja unataka msumeno. Ukiwa mgumu au umeinama, shoka litie pengo kwanza. Kisiki hakitoki bila sururu. Hakuna kilichoshinda wala kilichoshindwa, kila kimoja kina mahali pake. Nilitaka zana zenu, basi!"

Ilikuwa hukumu safi, ya haki, hakuna fundi ambaye angeibadilisha neno. Bahati mbaya wote pale walikuwa wanaijua.

"Sisi tuliziacha zana siku chache tu," Bi Kanga akamwambia, bila ukali. "Wewe hukumu yako unayo bado."

Ngiri alikuwa na moyo mwepesi kuliko shingo yake. Alimwendea Simba. "Bwana wangu, naomba tumsaidie. Au walau nimnolee hilo panga. Kinoo ninacho."

Simba aliinuka. Alikwishawatangazia majirani wa mabonde mengine kwamba ua wake unakatwa na panga bora kuliko zana zote. Mfalme hawezi kuwa amedanganywa. Hilo halijapata kutokea.

"Panga lililoshinda halinolewi," akasema. "Na Sungura hakudanganya. Ni uchovu unamsemesha. Hebu mwacheni mtaalamu na kazi yake."

Wakaondoka. Ngiri alijifanya amejikwaa, akadondosha kibuyu chake cha maji nyuma ya ua, akaenda bila kukiokota. Usiku ule Sungura alikunywa, na kwa mara ya kwanza alishika kitu cha watu akitamani kukirudisha.

Alipiga siku zilizofuata, akilamba umande wa alfajiri kama alivyofanya tangu mwanzo. Alipiga mpaka majirani walizoea mlio ule, wakawa hawausikii tena. Kisha asubuhi moja, kabla hajanyanyua panga, mjohoro wa kwanza ulitikisika wenyewe, ukalala chini polepole. Pale ulipokatikia palikuwa na tundu pana, na mchwa wanamiminika kutoka ndani, wameshiba.

Simba alitoka barazani mbio. "Umeanguka! Ni nini kilichouangusha?"

Sungura aliwatazama mchwa. Akamtazama Simba. Akalitazama panga la Fisi, likiwa na mapengo mapya juu ya yale ya zamani.

"Panga, Bwana wangu," akasema.

"Nilijua," akasema Simba. "Kunywa maji, halafu uanze ule wa pili."

Mimi nilipita pale nikamwacha anapiga.